Nusu Nyumba

Canter yangu ni ya samawati.
Ubavuni imeandikwa TUNAHAMISHA POPOTE
na nambari ya simu iliyobanduka sifuri ya mwisho;
wanaonijua huijaza wenyewe.
Zamani walionipigia walihamisha nyumba.
Siku hizi wengi huhamisha nusu.

Nusu naijua kabla sijapanda ngazi.
Sauti ya simu huwa ya chini, haipatani bei,
huuliza tu: unaweza kuja saa nne,
akiwa kazini?

Jumanne ilikuwa Tassia, orofa ya tano, kwa Nthenya.
Orodha aliiandika kwenye karatasi ya daftari la mtoto:
friji yangu, nililipia kwa pesa za chama.
Kochi lake. Televisheni yake,
rimoti tuliivunja wote wawili.
Kitanda kibaki.
Oduki, kijana wangu wa mizigo, akauliza, na godoro?
Mama akatazama nje, nguo za jirani kambani.
Godoro lina mabonde mawili, akasema, na katikati kilima.
Mwachie. Alale bonde analotaka.

Watu husema ni pesa,
kwamba mwanamke akipata mshahara hupata na mdomo.
Hata mimi nilisema hivyo, kibandani Donholm,
chapati mkononi, na watu wakacheka.
Wengine husema ni simu, ile inayolala kifudifudi mezani.
Mimi naona ni kuta.
Kuta za huku ni nyembamba, unasikia mwenzio akikohoa,
lakini upande wa pili hakuna shangazi,
hakuna wa kubisha hodi aseme,
nimesikia sufuria ikianguka, kuna nini?
Jirani huongeza sauti ya redio.
Nyumba ya wazee wetu ilishikwa na mikono ishirini.
Hii ina minne,
na miwili iko zamu ya usiku.

Wanaume pia nawabeba.
Gichohi wa Ruaka: sanduku moja, pasi,
na samaki mwekundu ndani ya jagi
aliyempakata hadi Githurai bila kusema neno.
Kwenye matuta nilipunguza mwendo.
Hiyo ndiyo pole niliyoiweza.

Jumapili nikampigia mama, yuko Malava,
anasema mahindi yameanza kubeba.
Nikamwambia, mama, ndoa za sasa ni za karatasi,
manyunyu tu na zimelowa.
Nyinyi mlivumilia.
Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.

Nilifunga nguo zangu kwa leso mara saba, akasema.
Mara ya tatu ulikuwa mgongoni.
Nikafika barabarani, nikakaa juu ya jiwe, nikahesabu:
kwa kaka yangu, mkewe hanitaki.
Kwa baba, ng'ombe wa mahari yangu
walishatoka kumwolea huyo kaka huyo mke.
Jiwe likapata joto. Wewe ukalia njaa.
Nikarudi, nikapika.
Hilo ndilo unaloliita kuvumilia.
Mwanangu, hakukuwa na Canter.

Sikumwuliza kuhusu baba.
Baba alizikwa na hotuba ndefu,
miaka arobaini na mmoja ya ndoa, watu wakapiga makofi,
na mama alikuwa mbele, ameshika leso.
Sasa sijui ilikuwa ipi.

Narudi kwa ile Jumanne.
Tulipoteremka Tassia, mtoto, Mutanu,
aliketi kati yangu na mama yake
na kikombe kikubwa cha chai chenye jina la baba.
Hakikuwa kwenye orodha.
Alikificha chini ya sweta ya shule
akanitazama, mimi nikatazama barabara.
Mwanamke alikuwa akilia kidogo, au akicheka,
dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa mwingi.

Leo asubuhi nimenunua kopo dogo la rangi nyeupe.
Nimepiga magoti ubavuni mwa gari
na kuichora upya ile sifuri.